Pombe ya Baba Mkwe Haimwagwi Mlangoni

Kavimvira, Uvira
Jumapili ya Pentekoste, tarehe 9 Juni 1957

Mpendwa mdogo wangu Cyprien,

Pokea salamu nyingi za nyumba yetu. Mwili wako iko namna gani huko Albertville? Ile homa iliyokushika ndani ya meli imekwisha? Ninaomba Mungu uwe mzima kabisa, maana mgonjwa hagombezwi, na minye leo nataka kukugombeza toka juu mpaka chini.

Sisi hatujambo. Mama bado analalamikia goti lake, lakini leo amefika misa kwa miguu yake mwenyewe. Mvua zimekatika. Ndagala, vile visamaki vya ziwa, ni nyingi, ufuko wote umeanikwa, hata mbwa wameshiba. Watoto wangu wazima. Hizo ndizo habari nzuri, nimezimaliza.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Donatien, baharia wa meli. Nimeisoma, nikaiweka, nikapepeta mchele kidogo ili moyo upoe, nikaisoma tena. Haukupoa. Eti neno la Florentine, mke wako, ni neno dogo. Eti nimfundishe bibi yako kupika chakula cha jioni cha watu waliostaarabika, na kuwapa wageni vinywaji vya Jumamosi. Kisha nitengeneze mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, niupeleke Runingu kwa baba yake, niseme maneno matamu kwa jina lako, mambo yaishe. Aka! Weye uchafue, minye yaya yako, dada mkubwa, nipanguse? Nilikupangusa ulipokuwa mtoto, Cyprien. Sasa una ndevu.

Tuanze na kupika, maana hapo ndipo uliponiudhi kwanza. Huyu mtoto wa watu anatoka shamba jua likisha kuingia nyuma ya milima. Anatia ndagala mu chungu pamoja na nyanya, kitunguu, mawese kidogo, na pilipili moja nzima ambayo haipasui, ili itoe harufu bila kuwachoma watoto. Mboga ya lengalenga inaiva pembeni. Anasonga ugali wa muhogo, na kabla hujamaliza kuvua viatu chakula iko mbele yako. Kesho yake anachukua maharage yaliyobaki na kuyapika na ndizi mbichi. Siku ya sombe, majani ya muhogo, anaitwanga asubuhi, anaiacha motoni polepole, jioni ni kuipasha tu. Ni nani katika nyumba hii amewahi kulala njaa toka alipoingia?

Lakini weye ulitaka supu kwanza, halafu nyama, halafu kitu kitamu, kila kimoja na sahani yake. Sahani tatu kwa muntu mmoja, siku ya Jumanne! Ilikuwa arusi ya nani? Na ulilaumu hivyo huku unakomba sufuria, minye nilikuona. Ulikomba mpaka ukoko.

Najua unatafuta ile karati ya évolué, ya muntu aliyestaarabika, na najua watu wa serikali wanakuja kutazama namna muntu anavyokaa na kula nyumbani kwake. Sikukatazi. Kaa na uma, kaa na kitambaa cha meza, hata maua weka. Lakini hakuna Mzungu aliyekuambia umtukane mkweo. Hilo ulilitoa mu kichwa chako mwenyewe.

Sasa ile Jumamosi. Unaandika kama vile mke wako alikuaibisha, basi acha nikukumbushe jinsi ilivyokuwa, maana nilikuwepo na macho yangu ni mazuri. Uliwaita wenzako wa buro ili waone nyumba kabla hujaondoka na bibi yako. Ukamwita na mkweo, mzee Libérat, na hapo nilikusifu. Mzee akatoka Runingu kwa miguu, amevaa koti lake la misa, nyuma yake kijana amebeba mtungi wa kasiksi. Pombe ya kumuaga binti yake, Cyprien. Alizifukia ndizi shimoni yeye mwenyewe, akakamua yeye mwenyewe. Na weye ukaona haya. Ukasema mtungi na mirija ni mambo ya kijijini, ukauficha jikoni.

Mzee alikaa akingoja mtungi wake utolewe, autaje mbele ya watu, aonje, halafu watu wanywe. Hukuutoa. Ulikuwa na ile karatasi uliyoikata kwenye gazeti, yenye picha za vinywaji vya kuchanganya. Ukaichuja kasiksi ya mkweo kwa kitambaa, ukatia siro, ile sharubati nzito nyekundu ya dukani, limonadi na maji ya ndimu, ukapaka sukari kwenye midomo ya gilasi, yote hayo nyuma ya pazia. Rafiki zako wakasifu, nawe ukapokea sifa. Pombe ya mwingine!

Florentine akapita na sinia. Alipofika kwa baba yake, mzee akaitazama ile gilasi nyekundu, mikono yake ikabaki magotini. Ningefanya vilevile. Kwetu toka zamani hakuna muntu anayenywa kitu kilichotengenezwa mafichoni na ambacho mwenye kukileta hajakionja. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Florentine naye akafanya alivyolelewa: akanywa funda moja mbele ya macho ya baba yake, akafuta gilasi, akampa kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, huyu mama yake alimlea.

Na weye? Ukaruka kama umekanyaga kaa la moto! Ukamwita mshenzi mbele ya wageni, eti ananywa mu gilasi ya mgeni. Ukaichukua gilasi kutoka mikononi mwa mkweo, ukaenda ukaimwaga mlangoni. Mlangoni, Cyprien! Pombe aliyokuletea kwa miguu yake! Mzee Libérat alichukua kofia yake, akamuaga Mama peke yake, akatoka. Njiani alipita juu ya ule unyevu mwekundu, akainua mguu ili asiukanyage. Toka siku ile ninamwona akiinua ule mguu.

Ulikuja kumchukua mke wako. Sanduku lake lilikuwa limefungwa kamba toka Alhamisi. Jumatatu ukapanda meli peke yako pale Kalundu, ukamwambia atafuata akishajifunza. Ajifunze nini? Kutokuonja? Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Weye umemtukana na mkunga na mzazi, kisha unaandika eti neno dogo.

Sikiliza sasa lililo zito, ulisome mara mbili. Mzee Libérat ametuma Nyandwi, yule anayeleta mchele wa Runingu sokoni. Anasema Jumamosi hii inayokuja atamfuata binti yake. Hadai kitu, hagombi, hata kiti hataki akifika. Atasimama uani mpaka sanduku litoke. Minye nilipenda atukane. Mzee anayetukana unaweza kumbembeleza. Huyu anakuja kimya, na akitoka na mtoto wake hatarudi naye.

Mtungi nitautengeneza. Ndizi zimekwisha kuiva shimoni, Jumanne tutakamua na mke wako, ambaye hata sijamwambia pombe ni ya nini. Kufika Jumamosi itakuwa tamu na kali inavyotakiwa. Lakini kuupeleka kwa jina lako, hapana, nakataa. Mwenye kutoa ndiye anayeonja, na kazi hiyo haina wa kuifanya badala yake. Nikionja minye, mzee Libérat atajua kwamba yaya yako hana sumu. Juu yako weye atajua nini?

Basi omba ruhusa kwa mkubwa wako wa buro. Mwambie una msiba ukitaka, maana usipokuja utakuwa nao kweli. Donatien, ambaye ndiye anakuletea barua hii, anasema meli yao inarudi Kalundu siku ya Ijumaa. Shuka nayo. Siro yako iache huko huko. Utoe mtungi uani kwa mikono yako, useme ni wa nani na kwa nini, upige goti, uonje wa kwanza, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kutakakokushinda, nakujua.

Mama anakusalimia sana. Anasema kula vizuri, na kwamba ana aibu kwenda Runingu kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu yetu Concilie kwa sababu yako. Watoto wangu wanakusalimia. Concilie mwenyewe hakusalimii.

Juu ya Florentine, nilimwuliza niandike salamu gani. Alikuwa anachambua ndagala, akaendelea kuchambua. Toka ulipoondoka, kila jioni amekuwa akikutengea sehemu yako, ugali na mboga, anaifunika kwa sahani kama inavyofanywa kwa mume aliye safarini, na asubuhi watoto wanaila. Sikukuandikia hilo mapema, nikiogopa utavimba kichwa. Jana jioni alipika samaki, mikeke ile unayoipenda, na ndimu na chumvi tu, tukala sote, akaosha vyungu. Hakufunika kitu.

Mungu akulinde ndani ya meli, na Bikira Maria akufungulie masikio.

Ni minye yaya yako nikupendaye, ndiyo maana nina hasira,

Pélagie