Mti Uliochunwa Pande Zote

Kajiado, Jumapili

Dada yangu Kalondu,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kwamba maumivu ya titi yamepungua na kwamba unakula. Mimi ni mzima, isipokuwa mfupa wa bega la kulia umevunjika. Naandika kwa mkono wa kushoto, usishangae mwandiko.

Umeniomba gunia la magome, na umesema umeacha kwenda kliniki kuwekwa drip ya dawa ya saratani. Gunia sileti. Sababu ni hii.

Mwezi uliopita, barazani, niliwaambia wenyeji kwamba maji ya gome ninalolichunguza maabarani yaliua seli za saratani ndani ya kichupa cha kioo. Nilisema kweli, lakini nusu yake. Sikuongeza kwamba hata magadi, ukizimwagia seli hizo, huziua.

Jumanne nilifika kwenye mti wenyewe nikakuta wanaume wawili kutoka Kitengela, wenye mapanga na magunia. Wenyeji huchuna upande mmoja tu ili mti upone. Hawa walikuwa wameuchuna pande zote, kuanzia shinani hadi mkono unapofika. Wana wa mzee Lemayian, mwenye shamba, walinitangulia kuwafikia. Rungu la kwanza lilivunja taya la mchunaji mmoja. Mchunaji wa pili akazungusha panga, na vidole viwili vya kifungua mimba wa mzee vikaanguka juu ya magome. Huyo wa panga alipigwa hadi akaacha kujikinga.

"Acheni! Mtamuua!" nikapaza sauti.

"Si huyu ndiye daktari wa miti?" mmoja wa wana hao akasema. "Si ni yeye alitangaza? Mpeni yake!"

Nikapewa.

Mzee ndiye aliyewazuia. Alinitazama nikiwa chini. "Mwalimu, ulisema dawa hii inaua ugonjwa. Sasa hesabu imeua nini."

Nimehesabu. Mti utakauka. Yule wa panga hajazinduka hadi leo. Wewe sitakuongeza.

Drip unayoichukia, Dada, nayo chanzo chake ni gome la mti, wa nchi za mbali. Tofauti ni kwamba watu walihangaika miaka mingi kutafuta kipimo kinachoua uvimbe kabla hakijamuua mgonjwa. Cha mti huu mimi sijakipata.

Nifikishie heshima zangu kwa Mama. Shemeji, anayekuchemshia mizizi, mwambie airudishe sufuria kwenye kupika muthokoi, mahindi na maharagwe yetu.

Alhamisi nitakuwa kwenye benchi la kliniki kabla yako. Ukichelewa, nitakuja kukutoa nyumbani kwa mkono huu mmoja.

Ndugu yako,
Musyoka