Udongo Niliouita Milo

Mpendwa Tanti Ismay, nisaidie, na jina langu usilitoe gazetini maana hapa kisiwani Carriacou hata mbuzi wananijua. Mama yangu alifia Brooklyn akazikwa hukohuko, na alikuwa ameniomba nisimwache kwenye baridi, basi nilipokwenda msimu wa theluji nikachota udongo wa kaburi lake nikautia kwenye kopo la Milo ili nije nimzike uani, kilipozikwa kitovu chake, na pale uwanja wa ndege afisa wa forodha akaniuliza kama nina nyama, mimea au udongo, nikamjibu, "Sina, mwanangu, Milo tu ya wajukuu," akalitikisa kopo akanirudishia, kisha akasema, "Na huyu mzee nyuma yako, mko pamoja?" Nikageuka, hakuna mtu, nikacheka nikijua ananitania, lakini yeye hakucheka, akasogea kando kama anayempisha mtu.

Udongo nikaufukia chini ya mndimu, nikamwekea Mama sahani ya wazee waliotangulia kama ilivyo desturi yetu, sima na samaki, na ramu kidogo kwa wazee wengine, kwa kuwa Mama alikuwa mtu wa kanisa na ramu hakuionja maisha yake yote, na asubuhi chakula kiko vilevile ila glasi ya ramu ni kavu. Tangu hapo nasikia kikohozi cha kiume sebuleni, kiti cha Mama kinanuka tumbaku, na jirani yangu Adina akanisimamisha kwenye ua, "We mwanamke, umeingiza mwanaume lini? Leo kaniuliza treni inapita wapi." Treni, Tanti, hapa kisiwani!

Ndipo nikakumbuka kwamba kaburi la Mama halina jiwe, maana sisi jiwe la kaburi huliweka baadaye, siku ya karamu yake, na theluji ilikuwa imefunika kila kitu, nikakisia tu kwa macho. Nadhani nimekosea kaburi. Karamu ya jiwe imekaribia, ndugu zangu wamekwisha nunua kondoo, wanaamini Mama yuko nyumbani. Niseme au ninyamaze?

Mwenye Mgeni, Windward

Mwenye Mgeni,

Pole sana. Sasa kaa nikugombeze. Afisa alikuuliza waziwazi. Udongo haukatazwi kwa roho mbaya. Hubeba minyoo na magonjwa, na majirani zako wanaishi kwa mbaazi na ndimu zao. Mtu mzima mzima ukamdanganya mtoto wa watu, ukaona umeshinda. Umeshinda nini?

Usiuguse tena udongo huo. Nenda forodha asubuhi, sema yote, faini ikija ilipe, waje wauchukue. Kabla hawajafika, mimina ramu umwambie yule mzee, "Samahani bwana, mimi ndiye niliyekuleta." Usimfukuze kwa chumvi wala maji ya baraka. Umemteka mwenyewe, halafu unamwogopa?

Ndugu zako waambie leo, kabla kondoo hajachinjwa. Jiwe lipelekeni Brooklyn, vaeni makoti, mkale karamu hapo alipolala. Mama yako aliomba asiachwe kwenye baridi, na mpaka sasa yuko huko peke yake.

Na ukifika, litazame kaburi la jirani yake. Ukimkuta mtu ameinama hapo na maua, usimpite. Anaongea na mtu ambaye hayupo pale, na ni wewe peke yako unayejua.

Tanti Ismay