Pamba ya Kome na Mihogo ya Mama

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba. Mjomba wako amenisomea barua yako hapa Katoro. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Unauliza, kati ya zile nchi mbili za visiwa unazosoma chuoni, ipi imeendelea kuliko mwenzake. Mimi nilivyovijua ni visiwa vya ziwani, Kome kwetu na jirani yetu Maisome.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, watu walishindania kisiwa kipi kimepeleka pamba nyingi ghalani. Mwaka mmoja Maisome walituacha mbali, kwa sababu mama yangu aliwashawishi wanawake wa Kome wapande mihogo kwenye sehemu ya mashamba ya pamba. Pale kwenye mzani mzee mmoja wa Maisome alimwambia, "Mayu," yaani mama, "mwaka huu mmelala."

"Hatukulala, baba. Tulikuwa tunapanda chakula."

Msimu uliofuata mvua ikagoma. Mitumbwi ya Maisome ikaja kwetu kutafuta chakula, na mzee yule alikuwemo. Nilidhani mama atamkumbusha maneno yake. Alimpakulia ugali wa muhogo, akamwacha ale ashibe, kisha akampa pingili za mihogo akapande kwake. Nilitamani watu wote wajue kwamba huyu ndiye mama yangu.

Kwa hiyo usizipime nchi zako kwa mwaka mmoja, na uulize pia kilichobaki nyumbani. Baadaye Maisome nao walileta pamba kidogo kuliko yetu, wakiwa na mihogo yao shambani. Hakuna mtu wa Kome aliyewacheka.

Anayekuonea fahari,
Bibi yako