Viazi Kwenye Kibanja cha Kato

Kato, rafiki yangu,

Mimi Malimi nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili. Nimezika daktari aliyeniambia moyo wangu hautafika Pasaka. Nimepita njaa, nimepita mamba wa ujana wangu, nimepita wenyeviti wote wa mtaa tangu mtaa uwe mtaa. Ng'ombe niliowamaliza siwataji, nisije nikaonekana najisifu. Ila wewe sikutegemea. Ulikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, na ulikuwa unakwenda Buzuruga kwa miguu na kurudi Kiseke jasho halijakutoka, ukinicheka mimi na fimbo yangu. Sasa ona nani kabaki na fimbo yake.

Na hata kukuzika sijakuzika. Walikupandisha meli wakakupeleka kwenu Kagera ulale kwenye migomba ya baba yako, mimi nikabaki bandarini nimeshika kofia. Miguu ilikataa safari. Ndiyo maana naandika. Naandika kwa mkono wangu, usidhani nimemtuma mtu. Kwenye kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza, wenzangu wote walichungulia kwangu. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu ni za mtu mkubwa.

Nina habari nzito na habari nzuri. Naanza na nzito ili uwe umekwisha kasirika tunapofika kwenye nzuri. Kato, kibanja chako hakina mgomba wako hata mmoja. Imekatwa yote. Nimeikata mimi.

Subiri. Usinitukane bado.

Nakumbuka uliyoniambia pale hospitali. Ulinishika mkono, na wewe hukuwa mtu wa kushika mikono, ukasema, "Malimi, migomba yangu asiiguse mtu." Nikasema hataigusa mtu. Mbele ya binti yako Adventina nilisema. Na nikaenda hivyo hivyo, nikaitunza kuliko ulivyoitunza mwenyewe. Nyasi niliweka, samadi niliweka, majani makavu niliyapogoa kwa panga langu lile, ambalo unajua hakuna panga kali kama lile Ilemela nzima. Tena si kwako tu. Watu wa kikundi chetu cha wakulima waliona kibanja kinavyopendeza wakasema, Mzee Malimi, njoo na kwetu. Nikawa naingia nyumba hadi nyumba na panga langu, napogoa, natoka, naingia kwa jirani. Walikuwa wananipa chai kila mahali. Nilinenepa.

Siku hizi watu wanasema kikundi ulikianzisha wewe. Nawaacha, marehemu hasemwi vibaya. Lakini mimi na wewe tunajua kilianzishwa na ng'ombe wangu mwekundu, siku aliyovunja ua wako akatafuna miche miwili, ukaja kwangu na rungu. Nikakwambia sina cha kukulipa ila samadi, beba uondoke. Ukaibeba umenuna. Mwaka uliofuata mikungu yako ilikuwa haibebeki na mtu mmoja, na wewe ukaacha kununa ukaanza kuja kila Jumamosi na toroli. Mama Neema akaiona hiyo mikungu, akaanza kuichukua kwenda kupika kwenye kibanda chake pale stendi. Maganda yakawa yanamsumbua, nikamwambia alete, ng'ombe wangu hawachagui. Basi. Mavi ya ng'ombe wangu yalikuwa ndizi zako, ndizi zako zilikuwa sahani za Mama Neema, maganda ya Mama Neema yakarudi zizini kwangu. Halafu majirani nao wakataka kuingia, huyu na mchicha wake, huyu na kuku wake, mpaka ikawa bonde zima linalishana, na lori la ndizi kutoka mbali likipita tunalipungia mkono tu.

Sasa majani yakaanza kuwa ya njano. Nikasema ni jua. Mkungu mmoja ukaiva nusu, nusu mbichi. Nikasema ni mgomba mvivu. Ndipo akaja bibi shamba wa kata, kibinti kinachoweza kuwa kijukuu changu, akanisalimia shikamoo vizuri, akachukua ndizi akaipasua. Ndani ilikuwa na kahawia kama bati lililoshika kutu. Akakata shina, likatoa usaha wa njano. Akasema mbele ya kikundi chote kwamba huu ni mnyauko, hauna dawa, mgomba unakatwa na kufukiwa, wenye ugonjwa na walio jirani zake, tena kwa watu wote kwa wakati mmoja, maana akibaki mmoja hajakata, wote wamekata bure. Mtu akamuuliza unatembeaje. Akasema unatembea kwa nyuki kwenye lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na unatembea kwa panga linalotoka shamba hili kuingia shamba lile.

Watu wakaliangalia panga langu. Nikalificha nyuma ya mgongo.

Nilichosema ni kwamba wengine wakate, ila kwa Kato hapakatwi. Nikachukua kigoda changu nikakaa kwenye njia ya kuingilia kibanjani, panga magotini. Nikawaambia atakayeingia aje na jeneza lake. Walinibembeleza, nikawatukana. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, nikamuuliza nani alimfundisha kushika jembe, akakumbuka ni mimi, akaondoka. Kato, nilikulinda vizuri. Ungeniona ungecheka mpaka ukohoe.

Kesho yake akaja Mama Neema. Hakunibembeleza. Alisimama na mikono yake ina tope, akasema, "Baba, yangu nimekata jana. Ilikuwa sita, na hiyo sita ndiyo iliyokuwa inanilisha na wanangu. Sasa niambie, nimekata ili iweje?"

Nikamwambia migomba yako si kama yake. Kwamba hii uliileta wewe kwa meli kutoka kwenu, ndani ya gunia bichi, ukiimwagia maji njiani kama mtu anayenywesha mtoto. Akasema haya, kaa. Mchana akaniletea sahani. Ugali na dagaa. Nikamuuliza ndizi ziko wapi, kwa mazoea tu, mdomo ulitangulia. Akasema, "Ndizi umezikalia, baba." Akaenda zake.

Nikala ule ugali. Nilikuwa natazama lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba yako, pale tulipokuwa tunapanda jioni kutazama ziwa, wewe unatoa kahawa zako kavu mfukoni na kunilazimisha nitafune. Chungu kama dawa ya minyoo. Nilikuwa nazitafuna kwa sababu yako tu, leo nakwambia. Na ni juu ya jiwe hilo ulinisimulia habari ya baba yako mkubwa. Mnyauko ulipofika kijijini kwenu watu wote walikata, yeye akakataa, akasema migomba ile iko juu ya makaburi ya wazee, asiiguse mtu. Wakamwogopa, wakamwacha. Na msimu mmoja tu baadaye kijiji kizima kikawa kinakula mihogo ya kununua, na yeye akawa anapita njiani watu wanageuza uso. Ulinisimulia hivyo na machozi yakakulenga. Na mimi nilicheka. Nilisema, mzee gani huyo mjinga, kukaa na panga akilinda mizoga.

Kato, nilitazama magotini kwangu.

Sikushindwa na mtu. Hilo uelewe. Hakuna aliyenitoa pale, nilisimama mwenyewe. Nikampigia Adventina simu chuoni kwake Nyegezi, nikamwambia mwanangu, baba yako aliniachia neno na sasa nataka kulivunja, njoo uwepo. Alikuja hajabadili hata nguo za kazi. Nilidhani atalia au atanikatalia. Akasema, "Baba mkubwa, baba hakutaka iguswe kwa sababu alikuwa anaipenda. Hakutaka ituue kwa njaa." Kisha akavua viatu akawasha moto, maana bibi shamba alisema panga lipite motoni kila ukimaliza mgomba mmoja kabla hujaingia mwingine.

Nikakata mimi. Vijana walitaka kunipokea nikakataa. Kila nikimaliza mmoja, Adventina ananisogezea moto, napitisha panga mpaka linabadilika rangi, naingia mwingine. Kikundi chote walikuwa wamekuja na majembe, hata wale niliowatukana, wakachimba shimo refu kama la tembo, wakaburuta wakafukia. Ule mama yao, wa mlangoni, uliotoka kwenye gunia, niliuacha wa mwisho. Nikauwekea mkono. Nikausalimia kwa Kihaya kile kibovu ulichonifundisha, ambacho najua ulinifundisha matusi katikati. Halafu nikaukata. Ulianguka taratibu, bila kelele, kama wewe.

Jioni hiyo Mama Neema alinipa maji nikanawa.

Sasa habari nzuri. Kaa vizuri.

Bibi shamba alisema ardhi ipumzike nusu mwaka bila mgomba, ila chochote kingine tupande. Watu wakaanza, maharage, sijui mahindi. Nikanyanyuka. Nikasema viazi. Kato, umewahi kusema viazi vitamu ni chakula cha mbuzi na cha watu waliokosa bahati ya kuzaliwa ng'ambo ya ziwa. Miaka yote hiyo ulikuwa unanitupia hilo neno, na mimi nakujibu kwamba ndizi ni chakula cha wasio na meno. Basi jua kwamba kibanja chako cha Kihaya, chote, kuanzia jiwe mpaka choo, kimejaa viazi vya Kisukuma. Matuta ya kwetu, marefu ya kufika kiunoni. Watu wako wa Kagera walilalamika migongo. Nikawaambia kwetu nilikuwa kiongozi wa vijana wa kulima, tulikuwa tunalima kwa ngoma na jembe linarushwa hewani likirudi linakuta wimbo haujaisha. Hawakuamini. Nikaanza kuimba. Sauti yangu bado ipo, usiwasikilize wanaosema imekatika. Walioijua waliitikia, wasioijua wakajifunza palepale, na shamba likaisha kabla jua halijawa kali. Mama Neema ni Mkerewe lakini siku hiyo alilima kama mtu wa kwetu. Nilimwambia hivyo, akasema atalichukulia kama pole.

Na vilizaa. Mimi ndiye nilichagua mbegu. Sasa stendi Mama Neema anauza viazi na chai asubuhi, wasafiri wanapanga foleni. Shule imekubali kuchukua kwetu, watoto wanakula viazi vya kuchemsha saa nne badala ya kungoja uji wa unga wa dukani. Majani na mizizi midogo wanakula ng'ombe wangu, samadi inarudi. Vilivyozidi tumevikata vipande tukavianika juu ya jiwe letu, ni michembe sasa, inakaa hata mwaka. Ukipanda pale leo kutazama ziwa utakalia chakula.

Halafu hili nimelifanya la mwisho kwa makusudi. Mvua za juzi tumepanda migomba. Miche misafi, bibi shamba aliitafuta mwenyewe na kuikagua mmoja mmoja. Wa kwanza umepandwa pale pale mlangoni, aliushika Adventina, nikaushindilia udongo mimi. Umetoa jani jipya. Liko limejikunja bado kama karatasi ya mwalimu. Siku hizi kila nyumba ina panga lake na haliazimwi, na lile ua jekundu halikatwi kwa chuma, linavunjwa kwa kijiti chenye panda. Vijiti nachonga mimi. Hakuna anayechonga kama mimi. Panga langu liko ukutani, nimelipumzisha, tumefanya kazi.

Kwa hiyo nakuaga hivi, rafiki yangu. Lala kwenye migomba ya baba yako na usiwe na wasiwasi na ya huku. Naahidi mkungu wa kwanza kutoka mlangoni hautafika stendi. Utapikwa nyumbani kwako, na wote waliochimba lile shimo watakula, na mimi nitakuwepo, daktari apende asipende. Migomba ikikua na kuleta kivuli, viazi vitahama. Ila tuta moja chini ya jiwe litabaki la viazi. Hilo usinibishie.

Nimekuwekea na michembe kidogo. Najua utaizira. Itakungoja.

Walioona haya ni kikundi chote, na zaidi Mama Neema, ambaye hajui kunisifia hata kwa bahati mbaya. Lakini shahidi wangu mkubwa ni Adventina. Anapanda meli wiki hii kuja kwenye kaburi lako, na yeye ndiye anayekusomea barua hii. Alikuwepo hospitali nilipoahidi, alikuwepo na moto nilipovunja. Kama nimeongopa mahali, utakuwa umemsikia akinyamaza.

Mimi,
Malimi