Mbele ya Kamba ya Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Pikapu iliwaka mara ya tatu, kama kawaida yake. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa bustanini upande wa Kamatanda. Magunia tisa ya mboga ya lenga-lenga, akina mama wawili nyuma, na jirani yangu wa uani mmoja, Kapinga, anayeniita Yaya kama dada yake mkubwa, mbele karibu yangu. Ndiyo kazi yangu tangu marehemu mume wangu aniachie gari hili. Miaka sita sasa, na mtaa wote wa Kikula unaniita Mama Shofere.

Leo kwenye njia ya reli, pale unapoingia katikati ya mji wa Likasi, tumekuta kamba. Kamba yenye vitambaa vyekundu. Wanaume wanne wamevaa fulana za kijani. Mmoja ana kitambaa cheupe. Anakiweka kwenye mdomo wa ekzosi, anakuambia ukanyage mafuta, kisha anakuonyesha kitambaa. Kikiwa cheusi, unalipa ndipo uingie. Kila siku utakayoingia, utalipa.

Cha kwangu kilikuwa cheusi tititi. Nimelipa. Nimemtukana kimoyomoyo mpaka sokoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipa tena. Nimewauliza akina mama wachange, na wamechanga, lakini niliona mkono wa Kapinga ulivyokuwa mzito. Najua kwa nini. Mume wake, Kabeya, alivunja mawe Kakontwe miaka mingi na sasa kifua chake kimejaa lile vumbi. Kapinga akiuza mboga, ananunua dawa ya siku hiyo. Asipouza, hakuna dawa. Hawana akiba.

Hiyo pesa ya kitambaa ni nusu ya dawa ya Kabeya. Nimepiga hesabu hiyo njia nzima na imenikata maini.

Jumatano, 5 Machi. Majivu.

Misa ya asubuhi, kisha kazi. Yule wa kitambaa, ambaye sasa tunamwita Bwana Kitambaa, alikuwa na majivu kwenye paji la uso. Mimi pia. Tumetazamana, Mkristo na Mkristo, siku ya kwanza ya Kwaresima. Akaniambia: “Mama, ona weye mwenyewe. Moshi yako iko nyeusi. Unalipa ao unarudia.”

Nyuma yangu lori la madini limepita pembeni likifuka moshi mpaka sikuona kituo cha reli. Lina karatasi ya ruhusa, wanasema. Na lile bomba la kiwanda, linalotukohoza sote tangu tuzaliwe, nani amelipanguza kwa kitambaa? Nimeuliza kwa sauti. Wenye magari wote waliokuwa kwenye foleni wamepiga honi. Bwana Kitambaa akasema yeye ametumwa tu.

Nakubali gari langu linatoa moshi. Silitetei. Asubuhi nikiliwasha uani, Kapinga hufunga dirisha la chumba cha mgonjwa. Fundi anasema pampu imechoka, na pampu mpya inazidi bei ya gari lenyewe. Basi nifanye nini, nilisukume?

Alhamisi, 6 Machi

Tumejaribu kushusha magunia kabla ya kamba na kuyapakia kwenye baiskeli. Wenye baiskeli wameona shida yetu wakapandisha bei papo hapo. Mboga imefika saa nne, imelala, majani yamekunjamana. Kapinga ameuza kwa bei ya kutupa. Amenunua vidonge, sindano ameacha.

Nimerudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Sijala.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeona kitu.

Tulikuwa kwenye foleni. Ukaja msafara wa msiba kutoka Panda, magari matano ya zamani kuliko langu, taa zimewashwa mchana, matawi mabichi yamefungwa mbele. Walikuwa wakiimba. Kamba ikashushwa mara moja. Bwana Kitambaa akavua kofia. Hakuna aliyeulizwa kuhusu moshi. Ni kweli, hapa kwetu maiti haisimamishwi njiani, hata askari mwenye njaa haisimamishi.

Nimemtazama Kapinga. Kapinga amenitazama. Hatukusema kitu, maana hao wawili wa nyuma ni wasemaji sana.

Jumatatu, 10 Machi

Tumepita bure!

Nimekata matawi ya mchikichi uani nikayafunga mbele ya pikapu. Taa nimewasha. Magunia tumeyapanga marefu katikati, tukafunika kwa shuka langu jeupe la kitanda. Kapinga akapanda nyuma na kitambaa cheusi kichwani, wale wawili huku na huku. Tulipokaribia kamba akaanza. Mungu wangu, sikujua kama ana kipaji kile. “Kabeya wangu ee! Unaniachia nani! Amuka, Kabeya!” Akalilalia lile gunia la lenga-lenga, akalikumbatia. Mimi nilikuwa nauma midomo nisicheke.

Kamba chini. Kofia mkononi. Bwana Kitambaa hata akafanya ishara ya msalaba.

Sokoni tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mboga mbichi, imekwisha kabla ya saa tano. Dawa yote imenunuliwa, na sindano juu.

Jioni Kapinga alimsimulia Kabeya mwenyewe. Nilikuwepo. Alicheka akakohoa, akakohoa akacheka. Akasema: “Kesho mulie muzuri zaidi. Miye nataka kusikia mupaka huku kwa kitanda.”

Ni Kwaresima na nimedanganya. Nitaungama baadaye. Walioanza kuiba ni wao.

Jumatano, 12 Machi

Mara ya tatu. Jana Kapinga alijifanya amezimia kabisa, ikabidi fulana ya kijani mmoja amletee maji. Leo nimewaona wengine. Mwenye mikate ana matawi. Mwenye saruji ana matawi. Hata teksi moja, abiria wameambiwa wainamishe vichwa. Nani amewaambia? Wale wawili wa nyuma, nani mwingine.

Sikukasirika. Nilijisikia kama jemadari.

Jumamosi, 15 Machi

Kwa wiki moja Likasi imezika watu wengi kuliko miaka ya kipindupindu, ukiamini kamba ile. Miti ya barabara ya stesheni imebaki vijiti. Leo asubuhi misafara saba imefuatana, kila mmoja na wimbo wake, na mwenye saruji hajui hata wimbo mmoja wa msiba, alikuwa anaimba wa harusi. Watu pembeni wanashangilia. Waliotuwekea kamba wajue kwamba sisi si wajinga, si mazoba.

Kabeya amekaa kitandani leo. Amekunywa uji bakuli zima. Siku sita dawa haijakatika. Nikiona hivyo, sijutii kitu.

Jumanne, 18 Machi

Balaa.

Jana, wanasema, watu wa kamba walifunua shuka kwenye pikapu ya mtu mmoja wakakuta kreti za bia. Leo wamekuwa wanane, na mkubwa wao amekaa kwenye kiti. Amri mpya: kila gari lenye matawi linafunguliwa. Kapinga alikuwa ameanza kulia, akafika mahali pa “unaniachia nani”, Bwana Kitambaa akavuta shuka langu. Lenga-lenga.

Alinitazama. Alikumbuka ishara ya msalaba, niliona. Nilitamani anitukane.

Tumerudishwa. Hata kulipa wametukatalia, eti adhabu ya siku moja. Magunia tisa yamerudi Kikula yakapikwa na majirani, na mengine yamekwenda kwa mbuzi. Leo hakuna dawa. Kapinga ameniambia nisijali, Kabeya alilala vizuri jana. Mimi najali. Nina hasira na mkubwa mwenye kiti, na mwenye bia, na pampu ya gari. Nimepiga teke gurudumu nimeumiza kidole.

Jumatano, 19 Machi

Nimelipa. Bila matawi, bila kuchangisha mtu. Dawa imepatikana, lakini Kabeya hakuweza kumeza. Kapinga amebaki naye. Nimeacha gari mbali, kwenye kona, nisije nikaliwasha karibu na dirisha lake.

Alhamisi, 20 Machi

Kabeya amekufa alfajiri.

Nilisikia Kapinga akiita jina langu, si kulia. Nilipoingia alikuwa amemshika miguu. Nilimfunga Kabeya kidevu kwa leso yangu.

Siku moja bila dawa haimuui mtu. Daktari amesema hivyo, kifua kilikuwa kimekwisha zamani. Nimeandika hapa nisome tena. Haisaidii.

Ijumaa, 21 Machi

Kilio uani. Ndugu wa Kabeya wamefika kutoka Kambove. Wameniomba pikapu ibebe sanduku, kesho, kwanza kanisani mjini, kisha makaburini. Nimekubali. Nani angekataa?

Usiku kucha akina mama wamelia. Kapinga hajalia. Amekaa kwenye mkeka anatazama mlango.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike tu.

Ndugu zake walifunga matawi. Niliwaambia waache, wakanishangaa: msiba gani hauna matawi? Sikuweza kuwaeleza. Taa nikawasha. Sanduku nyuma, Kapinga kando yake, kitambaa cheusi kilekile. Magari mawili nyuma yetu.

Kamba haikushuka.

Nilishuka mimi. Nikamwambia Bwana Kitambaa kwamba leo ni kweli. Nikamwapia. Akasema na Jumatatu ile niliapa. Sikuapa, lakini ni sawasawa. Mkubwa mwenye kiti alikuwa akitazama, na Bwana Kitambaa naye anaogopa kufukuzwa kazi.

Hapo Kapinga alifungua mdomo. Tangu Alhamisi hakuwa ametoa machozi, na sasa yalikuja, nilisikia yakija. “Kabeya wangu ee.” Maneno yaleyale. Hana mengine. Mtu ana maneno mangapi ya kumlilia mume wake?

Bwana Kitambaa akacheka. “Leo tena? Ule bwana yako anakufaka mara ngapi?”

Na watu wa foleni wakacheka. Mwenye mikate alicheka. Mwenye saruji akapiga honi. Walidhani ni mchezo wetu, walikuwa wanatushangilia.

Ndugu za Kabeya walitaka kupigana. Mkubwa akasema sanduku lifunguliwe. Wakafungua misumari miwili, wakainua kifuniko, pale barabarani, kwenye jua, mbele ya teksi na wauza karanga. Bwana Kitambaa ndiye aliyeinama kutazama.

Alibaki ameinama muda mrefu. Akarudisha kifuniko kwa mikono miwili. Akavua kofia. Alifungua kamba yeye mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa havishiki fundo. Hakuna tena aliyepiga honi.

Kapinga alikuwa amefunga mdomo. Hakulia kanisani. Hakulia makaburini, hata walipotupa udongo. Wakwe zake walimwona wakanong’ona. Mwanamke gani huyo hana machozi kwa mume wake?

Nilitamani kuwapigia kelele wote kwamba machozi yake nimeyamaliza mimi, kwa magunia ya mboga.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda misa.

Nimejaribu kumkasirikia Bwana Kitambaa. Imeshindikana. Nimejaribu waliotunga kodi ile. Hao bado nawakasirikia, na nitawakasirikia mpaka kaburini, maana hawakuuliza mtu kabla ya kutufungia njia, na malori yanaendelea kufuka. Lakini matawi si wao. Matawi nilikata mimi. Tulikuwa na kitu kimoja katika mji huu ambacho hakuna mtu aliyethubutu kukisimamisha, nikakitumia kupitishia lenga-lenga.

Mchana nilikwenda kwa wakwe wa Kapinga nikawaambia yote, mbele yake. Siku, magunia, shuka, nani alibuni. Shemeji yake mkubwa alisimama akatoka nje. Mama mkwe aliniambia nisikanyage pale mpaka wamalize kilio. Kapinga aliangalia mkeka. Ana haki.

Jumatano, 26 Machi

Bustanini, kamba, soko. Nimelipa. Bwana Kitambaa alipokea pesa bila kunitazama, nami sikumtazama. Hata kitambaa hakutoa.

Hakuna tena gari lenye matawi. Hakuna aliyeamrisha. Watu wameacha.

Jumatatu, 7 Aprili

Kapinga alikuwa mlangoni saa kumi na moja, amevaa nguo nyeusi za ujane, gunia tupu mkononi. Wakwe zake wamemruhusu, maana ana watoto, na lazima wale. Nikamfungulia mlango wa mbele.

Bustanini tulikata mboga pamoja. Umande ulikuwa mwingi. Wale wawili wa nyuma hawakusema kitu njia nzima, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Kwenye kamba, Bwana Kitambaa alimwona kupitia kioo. Alishusha kamba mara moja, akavua kofia, akasimama pembeni. Alitaka tupite bure. Niliweka gia.

Kapinga akanishika mkono. “Yaya, simama. Tulipe.”

Alilipa yeye. Alinyoosha pesa dirishani mpaka mtu yule akalazimika kusogea kuzichukua. Akangoja karatasi ya malipo, akaikunja, akaiweka mfukoni. Tukapita.

Mboga ilikwisha saa nne na nusu. Siku nzuri ya soko. Tulikaa kwenye magunia matupu nyuma ya meza, naye akahesabu. Akatoa ya bustani, akatoa ya unga, akatoa yangu ya mafuta. Akafika pa dawa, akaendelea kushika noti zilizosalia, anazigeuza. Nilidhani amekosea hesabu.

“Tumelipa hata ya kamba,” akaniambia, “na makuta ingali inabakia.”