Kitufe cha Mama na Namba ya Kwanza

Mpendwa mshauri Bi Veridiana, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijaugua mimi mwenyewe, maana ni wiki ya tatu sasa simu ikiita naogopa kuipokea, na isipoita ndiyo nazidi kuogopa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi mjini, nina mume, Gideoni, na watoto watatu, na mama yangu mzazi, Bi Sabina, ana miaka sabini na sita, mjane, anaishi peke yake Lulindi kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba, na habari ya kuhamia mjini hataki kuisikia, anasema mikorosho yake ataiachia nani. Sasa Jumatano moja mwezi uliopita aliingia kuoga saa tatu asubuhi, bafu lake liko uani, la matofali, halina paa, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka, nyonga ikagoma, akashindwa kunyanyuka, akakaa pale chini, mshauri, jua linapanda linamkuta pale pale, mpaka saa tisa alasiri jirani yake Bi Ziada aliporudi kutoka msibani Newala na kwenda kumsalimia, ndipo akamkuta, midomo imekauka, sisimizi wamemjaa mguuni. Daktari alisema hakuvunjika, nyonga imeteguka tu, lakini akaongeza kwamba angekaa pale mpaka usiku tungekuwa tunaongea habari nyingine, na hayo maneno ndiyo yananifuata kila ninaposhika chaki.

Linalonitisha zaidi ni hili. Siku ile saa nne asubuhi mume wangu alipita pale. Yeye ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, msimu huu wa korosho anazunguka vijijini na pikipiki, na akipita Lulindi lazima amwachie mama kitu. Alipiga hodi mara tatu, hakuitikiwa, akadhani mama yuko shambani anaokota korosho, akasema kwa sauti, "Mama, nakuachia samaki hapa barazani," akaenda zake. Kuingia hawezi, yeye na mama wanaheshimiana mno, mwaka wa kumi na nane huu hajavuka baraza, hata chakula anakula pale nje. Basi Bi Ziada ananiambia, alipomfunika mama kanga na kumnyanyua, neno la kwanza lililomtoka mama ni kwamba kuna samaki wa Gideoni barazani, wawahiwe kabla paka hajawala. Yaani alisikia! Alikuwa macho, akazisikia hodi zote tatu, hatua ishirini tu kutoka alipolala, akanyamaza. Nikamuuliza, mama, kwa nini hukuitika? Akageukia ukutani. Tangu hapo nalala na wazo moja, kwamba mama yangu amechoka kuishi na hataki kuniambia. Gideoni sijamweleza, maana yeye kutwa anajilaumu, "Ningezunguka tu nyuma, Mama Witness, ningezunguka tu nyuma."

Nikaamua kumtafutia mama chombo cha kuita msaada. Nilianza na kitufe cha kuvaa shingoni, kina laini ya simu ndani yake, akibonyeza kinapiga namba tatu kwa zamu, na ya kwanza nikaweka ya Gideoni kwa sababu mimi nikiwa darasani simu yangu inakaa kwenye droo, na yeye ana pikipiki. Mama alikigeuzageuza, akauliza, "Nikibonyeza, anakuja nani?" Nikamwambia Gideoni, mama, atafika haraka. Akakitundika msumarini chini ya msalaba. "Mimi ni mwana Umoja wa Akina Mama, mwanangu, sivai hirizi. Nikipiga magoti altareni, Padri ataona nini shingoni mwangu?" Kiko pale pale mpaka leo. Kaka yangu Ladislaus aliyeko Newala anasema tumnunulie saa ya mkononi inayojua yenyewe kwamba mtu ameanguka, ipige simu bila kumuuliza, maana mtu asiyetaka kuitika haachiwi achague. Duka lingine wana simu ya wazee, ina namba kubwa na kitufe chekundu mgongoni. Nichague kipi, mshauri? Kila asubuhi saa tatu ikifika najua mama anaingia kuoga peke yake, nami nimesimama mbele ya watoto sabini nimeshasahau nilikuwa nafundisha nini. Naogopa nikikosea kuchagua, nitakuja kumzika.

Mama Witness, Masasi

JIBU

Marahaba, Mama Witness, na pole sana. Kaa chini kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimekuonea huruma, ya pili nimekasirika, kwa hiyo vumilia. Mama yako hajachoka kuishi. Aliyechoka kuishi hahangaiki na samaki wasiliwe na paka. Alinyamaza kwa sababu alikuwa uchi na aliyekuwa anapiga hodi ni mkwe wake. Basi, hilo tu. Wanawake wenzako wa Lulindi na Lisekese wanaosoma ukurasa huu wamelijua kabla hawajafika nusu ya barua, umebaki wewe mwalimu. Unaniandikia kwa mkono wako kwamba Gideoni hajavuka baraza miaka kumi na minane, halafu unashangaa mama hakumwita aje amwokote bafuni bila nguo! Angezunguka nyuma, angekuta nini?

Sikulaumu sana, hofu imekuziba macho. Lakini hofu yako umeielekeza pasipostahili. Mama alilala pale nyonga inamuuma, akapima, akaona afadhali jua kuliko aibu ile. Atapima hivyo hivyo siku nyingine akianguka. Hapo ndipo pa kuogopa, nami naogopa pamoja nawe.

Kuhusu hirizi, usijisumbue na Padri. Mama alikuuliza swali moja la maana, anakuja nani, ukamtajia mtu yule yule aliyemfanya anyamaze. Akakutundikia jibu lako ukutani. Wewe umesikia habari ya altare tu.

Ladislaus naye mwambie apoe. Saa inayoita bila kumuuliza mwenyewe itamletea mama yenu aibu ile ile aliyoikimbia, na ikishamletea mara moja, ataivua kila anapokwenda kuoga, tena bafuni ndiko wazee wanakoteleza. Saa za namna hiyo nyingi zinataka chaji kila siku na mtandao usioyumba. Lulindi mna hivyo? Simu ya wazee ni nzuri kwa maongezi, lakini nani anaoga na simu? Itabaki kitandani inaita peke yake.

Kaa na kitufe. Rudi dukani uulize kama kinavumilia maji, na muuzaji akibabaika, mrudishie utafute kingine. Hakikisha mtu anaweza kuongea kupitia hapo hapo, ili mama aseme mwenyewe, "Nimeanguka, usije wewe, mlete fulani." Shingoni hataki? Mfungie mkononi kwa mkanda wa saa. Halafu ingia wewe kwenye bafu lile, ujifungie, ukae chini sakafuni alipolala yeye, ubonyeze. Usiposikia mtu upande wa pili, umenunua pambo, na itabidi mama aingie na filimbi na majirani waambiwe maana yake. Kila Jumapili akitoka Misa akibonyeze kwa majaribio. Chombo ambacho hakijajaribiwa mwezi mzima usikitegemee.

Namba ya Gideoni itoe pale juu. Mbele wakae wanawake wanaoweza kufika kwa miguu, na wawe zaidi ya mmoja, kwa sababu siku ile umeona mwenyewe, jirani alikuwa msibani. Gideoni abaki mwishoni na kazi yake ijulikane: amchukue mwanamke kwa pikipiki amfikishe, kisha yeye asubiri barazani. Na leo leo mweleze ukweli. Unamwacha mtoto wa watu anajitafuna kwa kosa ambalo si lake. Alifanya anavyopaswa kufanya mkwe, na mama naye hivyo hivyo, na heshima yao ilibaki saa chache tu iue mtu.

Kuna jambo dogo ambalo hakuna duka litakuuzia. Kanga ya mama bafuni inatundikwa wapi? Juu ya ukuta, najua. Ishushe. Piga msumari chini kabisa, mahali mkono wa mtu aliyelala sakafuni unafika. Akiweza kujisitiri, ataweza kuita, hata kama anayepita njiani ni mwanamume. Sakafu ikwaruzwe isiteleze, wekeni kigoda aoge amekaa, na nguzo ya kushika. Kizunguzungu kirudishwe kwa daktari wiki hii, mama apimwe presha na aulizwe dawa anazokunywa. Vyombo vyote hivi vinaita mtu akishaanguka, hakuna hata kimoja kinachomdaka.

Jumamosi panda bodaboda uende Lulindi, mikono mitupu, bila kifaa chochote. Usimhoji kama mtoto wa darasani. Kaeni mbangue korosho, muulize, "Mama, ukianguka tena, unataka aingie nani?" Kisha nyamaza mpaka ajibu, hata akichukua mchana mzima. Jina atakalokupa ndilo liwe namba ya kwanza, na usimbishie. Ujiandae lakini, mwanangu, maana huenda lisiwe lako.

Bi Veridiana