Msinisubiri, Gari Limekata Pumzi

Cherangani,
Julai 1986

Mdogo wangu Katana,

Kabla hujasoma mbele, mfikishie mama shikamoo yangu. Hamjambo huko Kakuyuni? Mvua imewafika, au mahindi yanawakodolea macho tu? Mimi ni mzima wa mwili, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Unajua nilivyoondoka. Yule mzee wa Kizungu wa Malindi alitaka kuona milima kabla hajafa, nami nimwendeshee landrova, nyuma tumefunga karavani yake, ile nyumba ya magurudumu. Nikakuahidi nitarudi tumsimamishie marehemu baba koma yake, naye apate mti wake wa kuchongwa wa kukumbukwa. Mpaka Mariakani nilikuwa naimba. Kumbe safari ilikuwa haijaanza.

Huku juu hewa ni nyepesi, Katana, na injini nayo hupumua kama sisi. Kila mlima gari lilikohoa moshi mweusi, karavani ikituvuta nyuma kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Nikapanda kwa gia ya kwanza. Mwisho maji yakachemka, gari likazima katikati ya mlima, nami nikaruka kutia mawe chini ya magurudumu. Fundi alikuja na lori la maziwa, akafungua, akatafuta kile kifaa cha kupunguza mbio za maji ya injini, akaguna.

"Themostati iko wapi?"

"Niliitoa. Kwetu Malindi sote twaitoa, kwa sababu ya joto."

"Sasa maji inapita mbio, haikai kwa rejeta ipoe. Kichwa ya injini imepasuka. Hii gari haitoki hapa."

Ujanja wetu wa pwani ndio ulioniua.

Mzee naye kifua kikambana. "Karisa, wewe kaa hapa, chunga karavani. Mimi tatuma gari ingine." Akaondoka na lori lilelile. Juzi dereva wa lori hilo ameniambia mzee amesafirishwa kwao Ulaya, hajitambui. Nikaenda kwa chifu kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Akachukua kipande changu, kitambulisho, akakifungia kwenye meza yake.

"Mali ya mtu haiachwi barabarani. Mwenyewe akija, utapata kipande yako."

Mwenyewe yupi, Katana? Na bila kipande, kizuizi cha kwanza cha polisi kitanimeza. Nalala kwenye godoro laini la mzee na usingizi sina. Hata kupika kumenishinda: kwa hewa hii nyepesi maji yatokota upesi kabla ya kupata moto wa kutosha, maharagwe hayaivi.

Sasa nisikilize. Wazee wasiahirishe tena koma ya baba. Najua kwetu mkono wa kwanza kwenye koma ni wa mwana mkubwa, na najua utakataa. Usikatae. Baba amekaa na kiu muda mrefu kwa kunisubiri mimi. Shika wewe mti, mwaga wewe tembo la mnazi, na ukubwa uuchukue. Sitakuja kukudai. Mama akiuliza nitafika lini, usimtungie siku.

Nisalimie mke wangu Kadzo, mwambie asiniwekee chakula. Nisalimie mjomba Ngala, mchongaji wetu, na shangazi aliyenifungia mihogo ya njiani. Niliila yote kabla ya Nairobi, na sasa naililia.

Barua hii nimeianza nikiwa kaka yako mkubwa. Naimaliza nikiwa mdogo wako,

Karisa